Iowa Barnstormers: jina moja, ligi tatu, na ukumbi unaoamua kila kitu

Anayejumlisha mechi zote za Iowa Barnstormers, timu ya futiboli ya Kimarekani ya ukumbini, tangu 1995 na kuziita rekodi ya timu moja ameshakosea kabla hajashika kalamu. Jina ni lile lile na mji ni ule ule, Des Moines, lakini nyuma ya jina karatasi zimebadilika mara kadhaa. Timu ya kwanza ilicheza 1995 hadi 2000 katika Arena Football League, AFL, kisha ikauzwa na kuhamia jimbo la New York. Mwaka 2001 ikaja nyingine yenye jina hilo hilo katika af2, ligi ya chini ya AFL, ikadumu msimu mmoja tu. Miaka sita mji ukakaa bila timu. Mwaka 2008 jina likafufuliwa tena katika af2, 2010 likapandishwa AFL, na 2015 likahamia Indoor Football League, IFL, ambako hatimaye lilipata ubingwa wake wa kwanza.

Kwa mtu aliyelelewa na soka, hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Futiboli ya ukumbini Marekani haina kupanda wala kushuka daraja. Timu haifiki ligi ya juu kwa kushinda mechi. Inafika kwa kununua haki ya kucheza katika mji fulani, na inaondoka pale mwenye haki anapoiuza au anaposhindwa kulipa. Bingwa anaweza kufa mwaka unaofuata, na wa mkiani akaishi miaka 20. Kwa hiyo ukitaka kuelewa habari za timu kama hii, weka matokeo kando kidogo. Tazama kwanza ukumbi, halafu kalenda ya ukumbi, halafu mikataba.

Tuanze na ukumbi basi, kwa sababu mchezo wenyewe ulizaliwa humo. Mwaka 1981 Jim Foster, aliyekuwa akifanya kazi katika kitengo cha biashara cha ligi kuu ya NFL, alikwenda Madison Square Garden kutazama soka la ukumbini. Akiwa pale kwenye kiti alichora kwenye bahasha jinsi futiboli ya Kimarekani ingeweza kuingizwa ndani ya nafasi ile ile. Mechi ya majaribio ilichezwa 1986 mjini Rockford, Illinois, na 1987 ligi ikaanza na timu nne: Chicago Bruisers, Denver Dynamite, Pittsburgh Gladiators na Washington Commandos. Denver walichukua taji la kwanza kwa kuwafunga Pittsburgh 45–16.

Vipimo havikutoka hewani. Uwanja wa hoki ya barafu Marekani una urefu wa futi 200 na upana wa futi 85. Uwanja wa Foster una yadi 50 za kuchezea na maeneo mawili ya kufungia ya yadi 8 kila moja, jumla yadi 66, yaani futi 198. Upana ni futi 85 zile zile. Kwa mita ni kama 60 kwa 26, wakati uwanja wa NFL ni karibu mita 110 kwa 49. Unapiga zulia juu ya uwanja wa hoki na limeenea, halizidi wala halipungui, na kuta za hoki unazikuta zimeshasimama pale pale. Pembe za uwanja wa hoki huwa za mviringo, ndiyo maana katika kumbi nyingi kona za eneo la kufungia zimekatwa. Mpokeaji wa pasi anayekimbilia kona lazima ajue ukumbi ule umekatwa kiasi gani, maana hatua moja ya ziada ni ukuta.

Wachezaji ni 8 kila upande badala ya 11. Milingoti ya goli ina upana wa futi 9 tu, nusu ya ile ya NFL yenye futi 18 na nusu, na mwamba wake uko futi 15 juu badala ya 10. Pembeni mwa milingoti, kushoto na kulia, kuna nyavu zilizokazwa, kila moja upana futi 30 na urefu futi 32, zikianzia futi 8 kutoka chini. Mpira ukigonga wavu ukarudi, mchezo unaendelea. Teke lililokosa goli, teke la kuanzisha, hata pasi, yote yakirudi kutoka wavuni ni mpira hai, ila pasi hufa ikigusa zulia. Kuupiga mpira mbali kwa teke ili kumwachia mpinzani hakuruhusiwi: ukifika jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho, ama unacheza ama unapiga teke la goli, na ukikosa, mpinzani anaweza kuudaka mpira ukitoka wavuni na kuja nao.

Wavu ule ndio ulikuwa mali. Foster aliuombea mchezo hataza, akaipata 1990, na hataza hiyo ilikwisha 2007. Ligi nyingine zilizochipuka mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa huru kucheza futiboli ndani ya ukumbi, ila nyavu za kurudisha mpira zilikuwa za AFL na mtoto wake af2. Ndiyo sababu hadi leo IFL inacheza bila nyavu: ilirithi desturi ya ligi ambazo hazikuwa na ruhusa. Hataza ilipokwisha, watu walikuwa wameshazoea, na nyavu ni gharama.

Gharama, ndiyo, na kazi pia. Uwanja hautandikwi kama mkeka sebuleni. Ikiwa msimu wa hoki haujaisha, barafu haiyeyushwi. Inafunikwa kwa mbao za kuzuia baridi zilizobanwa kingo kwa kingo. Ikiwa umeisha, barafu inaondolewa na zulia linakaa juu ya saruji. Vioo vinavyozunguka uwanja wa hoki vinatolewa ili mashabiki wakae uso kwa uso na mchezo. Ukuta unaobaki, wa urefu wa karibu futi 4, unavalishwa magodoro ya sponji. Halafu zulia la nyasi bandia linakunjuliwa vipande vipande na kuunganishwa kwa mikanda ya kunata. Mwisho nyavu na milingoti vinashushwa kwa nyaya kutoka darini, vinapimwa na kukazwa.

Mambo yanayoharibika ni yale yale kila mahali. La kwanza ni viungo vya zulia. Mkanda ukichoka, kipande kimoja kinainuka kidole kimoja tu, na buti la mtu wa kilo 130 linanasa hapo. Goti au kifundo cha mguu ndicho kinacholipa. La pili ni unyevu: barafu chini na watu maelfu juu usiku wa joto huleta maji kati ya mbao na zulia, na zulia linaanza kuteleza juu ya mbao. La tatu ni milango ya benchi katika ukuta wa hoki. Godoro lisipoziba vizuri ungio la mlango, bega la mpokeaji litalipata. La nne ni wavu uliolegea. Wavu uliokazwa unarudisha mpira kwa kasi, uliolegea unauacha uanguke chini yake kama embe bivu, na mrudishaji aliyejipanga mbele kwa kutarajia kasi anajikuta ameachwa. Timu ngeni zinazojua kazi huwatuma wapigaji wao mapema kuupima wavu kabla ya mechi kwa sababu hiyo hiyo.

Sheria za ndani zinapendelea washambuliaji waziwazi. Mpokeaji mmoja anaruhusiwa kuanza kukimbia kuelekea mstari wa kuanzia mchezo kabla mpira haujachezwa, akifika pale akiwa tayari kwenye kasi kamili. Mlinzi aliye mbele yake amesimama. Kati ya walinzi wawili wa nyuma ya mstari, mmoja tu alikuwa na ruhusa ya kumvamia kotabeki, yaani mrusha pasi. Mwingine alifungiwa ndani ya eneo lake. Ndiyo maana alama 40 hadi 60 kwa timu moja si ajabu. Makocha wa mchezo huu hawahesabu mashambulizi waliyofunga, wanahesabu mara walizomzuia mpinzani asifunge. Ukizuia mara mbili au tatu kwa usiku mmoja, na wewe mwenyewe hujapoteza mpira, umeshinda.

Saa nayo ina ujanja wake. Inakimbia bila kusimama isipokuwa dakika ya mwisho ya kila nusu, na katika dakika hiyo timu yenye mpira haiwezi kupiga goti tu na kuua muda: isiposonga mbele, saa inasimama. Hapo ndipo utamwona mchezaji akikaribia mstari wa goli halafu anajilaza makusudi, kwa sababu kufunga mapema ni kumrudishia mpinzani mpira akiwa na sekunde 40, na sekunde 40 ukumbini ni nyingi kupita kiasi. Mgeni hudhani ameona uzembe.

Jambo la mwisho kuhusu sheria, na kwangu ndilo lililoipa AFL ya zamani ladha yake: hadi 2007 wachezaji wengi walicheza pande zote mbili. Kotabeki, mpiga teke, mtaalamu mmoja wa kushambulia na wawili wa kulinda walisamehewa. Waliobaki walishambulia na kulinda, na aliyepokea pasi dakika hii aligeuka kuwa mlinzi dakika inayofuata. Timu ya watu 20 na ushei ilitosha kwa sababu hiyo. Walipofungua mlango wa kubadilishana wachezaji kwa uhuru, mchezo ulipata kasi, lakini orodha ya mishahara nayo ilirefuka, tena katika biashara ambayo haikuwa na nafasi ya kurefusha chochote.

Turudi Des Moines. Foster alipoacha uongozi wa ligi alikwenda kuanzisha timu yake mwenyewe, na 1995 Barnstormers wakaingia uwanjani. Jina ni la marubani wa miaka ya 1920 waliozunguka mashambani na ndege kuukuu, wakitua karibu na ghala la mkulima, wakifanya vituko angani na kuwapandisha wanakijiji kwa malipo. Kwa jimbo la mahindi na nguruwe kama Iowa, jina lilikaa vizuri. Helmeti zilichorwa miwani ya rubani kwa mbele, na mpaka leo ni miongoni mwa helmeti zinazotambulika upesi katika mchezo huu. Nyumbani kwao palikuwa Veterans Memorial Auditorium, ukumbi uliofunguliwa 1955, wenye nafasi ya watu wasiofika 12,000. Mashabiki wakaubatiza Ghala, yaani “The Barn”. Dari lilirudisha kelele chini, viti vilikuwa vimesogea uwanjani, na mpira ulioruka kwenye viti ulikuwa wa aliyeudaka. Timu haikuwa ikidai urudishwe.

Kocha alikuwa John Gregory, mtu aliyekuja na taji mkononi: 1989 aliiongoza Saskatchewan Roughriders kuchukua Grey Cup, kombe la Kanada. Futiboli ya Kanada ina uwanja mkubwa kuliko wa NFL, kwa hiyo alihama kutoka uwanja mpana kabisa kwenda mwembamba kabisa. Matokeo yanaonyesha hakuhangaika sana. Mwaka wa kwanza walishinda 7 na kupoteza 5. Wa pili walishinda 12 na kupoteza 2. Wa tatu 11 kwa 3.

Aliyekuwa akirusha mipira ni Kurt Warner, kijana wa Iowa aliyetoka Chuo Kikuu cha Northern Iowa. NFL haikumchagua 1994. Green Bay Packers walimwita kambini wakamwacha, akawa anapanga bidhaa usiku katika duka la Hy-Vee mjini Cedar Falls kwa dola 5.50 kwa saa. Habari hiyo ya duka imesimuliwa mpaka imechuja rangi. Kinachosahaulika ni kile ambacho ukumbi ulimfundisha. Katika uwanja wenye upana wa futi 85 hakuna mpokeaji aliye huru kwa sekunde mbili. Kotabeki anayesubiri aone mtu amefunguka ameshachelewa. Lazima mpira utoke mkononi kabla mpokeaji hajageuka, uelekezwe mahali atakapokuwa, kati ya mlinzi na ukuta. Ukiurusha kwa nguvu mno unagonga sponji, ukiulegeza unadakwa na mlinzi. Misimu mitatu ya kurusha hivyo ilimpa pasi za kufunga 79 katika msimu wa 1997 peke yake, na zaidi ya yadi 10,000 kwa jumla.

Fainali zote mbili alizofika alipoteza. Agosti 1996 ArenaBowl ya 10 ilichezwa Des Moines kwenyewe, Ghala likiwa limejaa, na Tampa Bay Storm wakaondoka na ushindi wa 42–38. Agosti 1997 walikwenda Phoenix wakafungwa na Arizona Rattlers 55–33. Warner akaenda Amsterdam Admirals ya NFL Europe 1998, kisha St. Louis Rams, na Januari 30, 2000 akarusha yadi 414 katika Super Bowl ya 34, fainali ya NFL, na kuwafunga Tennessee Titans 23–16. Aliingizwa kwenye Hall of Fame ya NFL 2017. Jezi yake namba 13 imestaafishwa Des Moines, na timu iliyoistaafisha, kikaratasi, si ile aliyoichezea.

Hilo la mwisho si mzaha. Baada ya Warner kuondoka, 1998 ilikuwa mbaya, 5 kwa 9, lakini 1999 walirudi na 11 kwa 3, na 2000 wakafanya 9 kwa 5. Timu ilikuwa hai, mashabiki walikuwepo, na bado iliuzwa. Mnunuzi alikuwa Charles Wang, tajiri wa kompyuta aliyekuwa pia mmoja wa wamiliki wa timu ya hoki ya New York Islanders. Tazama mantiki yake: mtu mwenye timu ya hoki anao usiku mwingi mtupu mwaka mzima katika ukumbi wa Nassau Coliseum, anao wauza tiketi, anao watu wa kutandika uwanja. Timu ya futiboli ya ukumbini kwake ni njia ya kujaza usiku uliolala. Mwaka 2001 Barnstormers wakawa New York Dragons. Miaka ile AFL ilikuwa ikiota soko kubwa, televisheni ya NBC ikaja 2003, na mji wa ukubwa wa Des Moines ukaonekana mdogo.

Ndoto hiyo iligeuza pia kalenda. Mwanzoni ligi ilichezwa kiangazi, wakati hoki na kikapu vimemaliza na kumbi zimelala, ambapo kodi ya ukumbi ni nafuu na tarehe ni tele. Kwa ajili ya televisheni msimu ukavutwa mpaka Februari. Sasa timu ikawa inagombea Jumamosi na hoki, kikapu, matamasha na sarakasi, na zulia linatandikwa juu ya barafu badala ya saruji. Kwa maoni yangu uamuzi huo uliwaumiza kuliko mshahara wowote wa mchezaji.

Des Moines wakapewa kifuta machozi: haki ya af2 yenye jina la zamani, 2001. af2 ilianzishwa 2000 kwa miji ya kati na midogo, na upande wa mashariki, mpakani mwa Iowa na Illinois, palikuwa pameshapata timu iliyotikisa, Quad City Steamwheelers, waliochukua mataji mawili ya kwanza ya ligi hiyo, 2000 na 2001. Aliyewaanzisha? Foster yule yule. Barnstormers wapya hawakufua dafu. Watu waliozoea kumwona Warner hawakununua tiketi za daraja la chini kwa sababu tu helmeti zinafanana, na msimu ulipokwisha timu ikafungwa.

Hapa inafaa kupiga hesabu ya timu ndogo, maana ndiyo inayoeleza mengine yote. Mchezaji wa af2 alilipwa takriban dola 200 kwa mechi. Chukua wachezaji 20: ni dola 4,000 kwa usiku, na kwa msimu wa mechi 16 ni dola 64,000. Kwa biashara ya Marekani hizo si fedha za kuua mtu. Kinachoua ni vinavyoizunguka. Kuna nyumba za wachezaji, maana mtu wa dola 200 hawezi kupanga peke yake. Kuna kodi ya ukumbi pamoja na malipo ya watandikaji na walinzi kila usiku wa mechi. Kuna safari. Na kuna bima ya majeraha kazini, ambayo kwa watu wanaogongana na ukuta kwa riziki haiwezi kuwa rahisi. Upande wa mapato kuna mechi 7 au 8 tu za nyumbani, wadhamini wa hapa na pale, na kama mkataba wa ukumbi ni mbaya, maegesho na vyakula vinaingia mfukoni mwa mwenye ukumbi. Mechi moja yenye dhoruba ya theluji ni sehemu moja ya nane ya mapato ya mwaka imekwenda na upepo. Mpangaji huyo hana nafasi ya kukosea.

Basi ufufuo wa 2008 haukuletwa na hamu ya mashabiki peke yake. Mwaka 2005 Des Moines ilifungua Wells Fargo Arena, ukumbi mpya mkubwa uliopakana na lile Ghala la zamani, na ukumbi mpya una njaa ya tarehe. Hoki ilikuwepo, kikapu kikaja, na kiangazi kilihitaji mtu. Barnstormers wakarudi katika af2, misimu miwili. Kisha AFL ya zamani ikaanguka: msimu wa 2009 ulifutwa, ligi ikafilisika, na mali zake zikanunuliwa mnadani na kundi jipya lililoanzisha ligi upya 2010 kwa jina lile lile. Kundi hilo lilikusanya timu zilizonusurika kutoka pande zote mbili, za AFL na za af2, na Iowa ikawamo. Kwa hiyo “kupanda daraja” kwa 2010 ni kwamba ghorofa ya juu ilibomoka na waliokuwa chini wakajikuta ndio wenye nyumba.

Wakadumu humo misimu mitano. Kufikia 2014 ligi ilikuwa na timu 14 zilizotapakaa kutoka Philadelphia hadi Portland, kutoka Tampa hadi Spokane. Des Moines iko katikati ya nchi, maana yake iko mbali na kila mtu, na karibu kila mechi ya ugenini ni ndege. Fungua ramani ya IFL ya 2015 utaona kilichowavuta: Cedar Rapids iko kama kilomita 200, basi la saa mbili, Sioux Falls kama kilomita 450, Green Bay na Nebraska nazo zinafikika kwa barabara. Unaondoka asubuhi, unacheza, unalala ndani ya basi. Wengine walisema wameshuka. Ila AFL ilipungua mwaka hadi mwaka, 2018 ikabaki na timu nne, na Novemba 2019 ikafunga milango. Aliyeshuka mapema ndiye aliyebaki amesimama.

IFL haikuwa ya kubeza uwanjani pia. Sioux Falls Storm walikuwa wamechukua ubingwa mara sita mfululizo, 2011 hadi 2016, baada ya mataji manne mfululizo ya ligi nyingine, UIF, 2005 hadi 2008. Waliowavua taji ni Arizona Rattlers, ndiyo, wale wale wa 1997, waliokimbia AFL na kushinda IFL katika msimu wao wa kwanza huko, 2017, kwa 50–41.

Kwa wasomaji walioko Des Moines, na wako wengi, familia za kutoka Kongo na Burundi zikiwa miongoni mwao: Ghala la zamani halikubomolewa. Liligeuzwa kuwa sehemu ya kituo cha mikutano, bega kwa bega na ukumbi mpya. Ukisimama barabarani unaona majengo yote mawili kwa jicho moja.

Katika lile jipya ndimo fainali ya IFL ilipochezwa Julai 2018, Iowa chini ya kocha Dixie Wooten dhidi ya Sioux Falls. Ilikuwa miaka 22 tangu fainali ya Tampa Bay, hatua chache kutoka pale pale. Pembeni mwa milingoti hapakuwa na nyavu. Teke lililokosa halikurudi mchezoni, liliishia kwenye viti. Iowa 69, Sioux Falls 68.